Msoma Plagi wa Shauri Moyo

Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwenye nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, kule Shauri Moyo mafundi walikuwa wengi, wa vitanda, wa viatu, wa redio, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye, na walikuonyesha njia kabla hujamaliza kuuliza. Nilimjua kwa karibu miaka yote ya tisini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijihesabu kuwa rafiki yake wa karibu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni macho yake. Sisi tuliompenda ndio tulioyaacha yakaharibika.

Kazi yake ilikuwa kutazama plagi. Ukimletea gari linalokohoa, linaloishiwa nguvu mlimani, au linalokataa kuwaka asubuhi mpaka libembelezwe, hakugusa kitu kingine chochote kwanza. Alifungua boneti, akang'oa plagi moja moja kwa spana yake ndefu, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, kisha akachuchumaa kuzitazama zile ncha ambapo cheche huruka. Ncha ikiwa na masizi makavu, injini inakunywa petroli kupita kiasi au inanyimwa hewa. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi, oili inapanda mahali isipotakiwa, na hapo mwenye gari alipewa pole ya mfiwa. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na hewa ni nyingi, injini inaungua polepole na mwenyewe hana habari. Plagi yenye afya ilitakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa.

"Si chai ya hoteli," alikuwa akisisitiza. "Chai ya nyumbani, ya mtu asiyebania majani."

Alikuwa na sharti moja lililowatesa wateja. Gari halikuruhusiwa kufika kwake likinguruma. Injini ikiachwa ingurume taratibu kwenye foleni, alisema, plagi inapakwa masizi mapya na ushahidi wote unavurugika. Kwa hiyo ulitakiwa uingie Jogoo Road, ukimbize gari kama mtu anayefukuzwa, ukishapata mwendo ukanyage klachi, uzime injini palepale na uliache liserereke hadi lisimame lenyewe. Kutoka hapo lilisukumwa. Magari mazima kabisa yalifika kwenye kiwanja chake cha kokoto yakisukumwa na wanaume waliovaa tai, huku wenyewe wakijieleza kwa wapita njia kwamba gari halijaharibika, ni utaratibu. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliwahi kunivuta pembeni baada ya ibada akaniomba tumwombee Fundi apate wateja wenye magari yanayotembea.

Nilimpenda kwa ukali wake. Kulikuwa na bwana mwenye teksi ambaye alikosea kwa nia njema. Usiku wa kuamkia siku ya kulileta gari kwa Fundi alizisugua plagi zake kwa msasa na petroli mpaka zikang'aa, jinsi mtu anavyooga kabla ya kwenda kwa daktari.

"Nani amezisafisha?" Fundi aliuliza.

"Ni mimi, Fundi. Nilitaka zikuje zikiwa poa."

"Umemwosha shahidi wangu mdomo. Sasa atasema nini? Enda. Rudi zikiwa chafu."

Yule bwana alizunguka wiki nzima na teksi inayokohoa, akiwaeleza abiria kwamba anasubiri uchafu. Fundi alinigeukia akitaka niunge mkono. "Karani, si hata huko kwenu mahakamani ni hivyo?" Mimi nilikuwa karani wa mahakama kule Makadara. Kazi yangu ilikuwa kupanga majalada na kuwaita mashahidi waingie, na kwa hiyo pale kiwanjani nilichukuliwa kuwa mtaalamu wa ukweli. Nikaitikia kwamba ndivyo. Heshima hiyo niliipenda kuliko nilivyopaswa.

Usomaji wake haukuishia kwenye injini. Siku moja alikuja mwanamume wa mtaa wa pili pamoja na mke wake, wamependeza, wanatoka kanisani. Gari lao la zamani la Kiingereza lilikuwa linakwama. Mwanamume akaeleza kwamba linatumika kidogo sana wiki nzima, lakini kila Jumamosi analipeleka mbali, hadi Machakos, kwa shughuli za kikazi. Fundi akazitazama zile plagi nne kwa muda. Zilikuwa na masizi makavu, laini, ya gari linalowashwa, linatembea kidogo, linazimwa kabla halijapata moto.

"Hizi plagi hazijawahi kufika Machakos," akasema. "Hizi zinaishia hapa Makadara, zinapumzika, halafu zinarudi."

Mke alifungua mlango, akachukua mkoba wake na Biblia yake, akaondoka kwa miguu. Nilimwambia Fundi jioni ile kwamba amevunja nyumba ya watu. Alishangaa kwa dhati. Alidhani amemsaidia yule bwana kwa kumshauri asafiri mbali zaidi, maana injini inahitaji safari ndefu ili ijisafishe.

Fundi mwenyewe hakuwa na gari. Hakuwa na leseni, hakujua kuendesha, na ukimpakia kwenye gari lolote alianza kutoka jasho kabla ya kufika mzunguko wa kwanza. Vipuri alivinunua kwa miguu, Shauri Moyo hadi Muthurwa na kurudi, amevibeba ndani ya mfuko wa koti lake la mvua. Niliwahi kumuuliza anajuaje gari linavyojisikia wakati hata kulikalia hawezi. Akaniuliza kama mahakimu wetu wote wamewahi kuiba.

Na alichukia kupita kiasi mtu kutibu dalili. Plagi ikichafuka, alisema, usiilaumu plagi, wala usikimbilie kununua mpya. Kuna kitu nyuma yake kinachoichafua, na usipokitafuta utanunua plagi mpaka uzeeke. Maneno haya aliyasema kila siku, kwa kila mteja, akiwa ameshika miwani yake mkononi na kuifuta kwa ncha ya shati. Aliifuta asubuhi, aliifuta akila, aliifuta katikati ya sentensi. Akaanza kulalamika kwamba lenzi za siku hizi zinaingia ukungu. Akabadilisha fremu, akabadilisha kitambaa, akanunua miwani nyingine kwa wachuuzi wa Gikomba, kisha nyingine. Sikuona lolote la ajabu. Mimi mwenyewe nilimletea kitambaa cha kufutia, zawadi.

Halafu akaanza kuonja plagi.

Sikumbuki ni lini hasa. Nakumbuka tu kwamba zamani alizitazama, halafu akawa anazitazama na kuzinusa, halafu siku moja akaipitisha moja kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho, akasema, "Hapa kuna oili." Wanaume wote waliosimama pale walinyamaza kwa heshima. Kijana mmoja wa utingo akasema, "Ah, huyu msee amefika mwisho. Hata haangalii!" Habari ikatembea hadi Buruburu na Jericho kwamba Shauri Moyo kuna fundi ambaye sasa hahitaji hata kutazama. Walikuja watu ambao magari yao hayakuwa na shida yoyote, wakayazima Jogoo Road na kuyasukuma, ili waone akilamba. Jina lake halikuwahi kuwa kubwa namna ile. Mafundi wadogo wa karibu nao wakaanza kulamba, mmoja akaugua tumbo, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi kwamba kipaji hakiigwi.

Binti yake alikuwa fundi cherehani mwenye meza yake Gikomba. Alinisimamisha njiani asubuhi moja nikienda kazini.

"Mzee, wewe baba anakusikiza," akasema. "Juzi alimimina chai nje ya kikombe. Nimeandikiwa barua ya hospitali ya macho, wanasema ni mtoto wa jicho, wanaweza kumpasua akaona tena. Anakataa. Anasema injini inayowaka haifunguliwi."

"Mbona kazi anafanya vizuri tu?" nikamuuliza.

"Unadhani hivyo?"

"Watu wanatoka hadi Buruburu."

Nilimwahidi nitaongea naye, na sikuongea. Ningeanzia wapi? Kumwambia msoma plagi kwamba haoni ni kumwambia akunje gazeti lake aende nyumbani. Jioni ile nilikaa naye kama kawaida tukazungumzia kwaya, maana aliimba besi na tulikuwa na mapambio ya Pasaka, na nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mtu mwenye adabu.

Sasa niseme juu ya gari langu. Lilikuwa la Kifaransa, refu, la rangi ya maziwa, limetengenezwa kabla sijaoa. Wenzangu wote walikuwa wanahamia magari ya Kijapani ya mitumba yaliyoanza kujaa mjini, lakini mimi nililishikilia langu kwa sababu kila Jumamosi lilibeba bibi harusi. Nusu ya maharusi wa kanisa letu walishuka kutoka kiti changu cha nyuma. Nilivaa suti, nikafunga riboni kwenye boneti, nikaendesha taratibu, na kwa saa tatu kwa wiki nilikuwa mtu muhimu.

Likaanza kuchemka na kugonga mlimani. Nikalipeleka kwa utaratibu: mwendo, klachi, kuzima, kusukuma. Fundi aling'oa plagi, akazipanga kwenye gazeti. Nilikuwa nimechuchumaa kando yake, jua la saa sita limetuwakia utosini, na nilizitazama. Zilikuwa nyeupe. Zilikuwa nyeupe kama chaki ya shule, na moja ilikuwa na vipele vidogo vya kuungua.

Fundi akaichukua hiyo yenye vipele, akainusa, akailamba, akaigeuzageuza karibu na uso.

"Masizi," akasema. "Linakunywa petroli sana, Karani. Tutalipunguzia. Nitakupa jeti ndogo, yenye tundu jembamba la petroli, ufunge kwenye kabureta."

Nikaitazama tena. Nyeupe. Nilikuwa nimemsikia mtu huyu akieleza maana ya weupe huo pengine mara mia mbili. Ningeweza kusimama nikaieleza mimi. Lakini nikajiambia kwamba mimi ni karani, yeye ndiye Fundi, na kwamba weupe ninaouona lazima ni aina fulani ya weusi ambayo mtu asiyesomea hawezi kuitambua. Nikamshukuru. Nikaifunga ile jeti ndogo siku hiyohiyo, injini iliyokuwa na njaa ya petroli nikazidi kuinyima.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa na bibi harusi, mama yake na shangazi wawili, injini ilitoa mlio mmoja mkavu pale Jogoo Road, ikapiga moshi wa buluu, ikanyamaza. Bibi harusi alimalizia safari kwenye pikapu ya mwenye duka wetu, mzee wa asili ya Mombasa, ambaye kwa bahati alikuwa nyuma yetu akitoka kununua unga. Alikaa mbele, shela imetoka dirishani. Mama yake hajanisamehe.

Jioni mwenye duka alikuja kuniona. Nilikuwa nimeshafungua injini kwa msaada wa jirani, na pistoni ya silinda ya pili ilikuwa mkononi mwangu, ina tundu katikati linalopitisha kidole.

"Bwana wee," akasema, "hebu niambie. Ulilipeleka wapi gari hili?"

"Kwa Fundi. Wewe pia si unapeleka kwake?"

"Napeleka. Kila mwezi napeleka. Anazilamba, ananiambia maneno yake, namwambia ahsante sana, Mungu akuweke. Halafu natoka pale nakwenda kwa yule kijana wa Makadara, ndiye anayenitengenezea." Akaichungulia ile pistoni. "Usinambie wewe ulifanya alivyosema."

"Nilifanya alivyosema."

"Subhanallah." Akakaa kwenye ndoo. "Mzee wa watu haoni, huu mwaka wa pili! Kila mtu ajua. Mwenye teksi ajua. Sisi twenda pale kumpa heshima yake tu, asijione ameachwa. Wewe uliye naye kila siku, hukujua?"

Nilijua. Nilijua kuliko wote, kwa sababu binti yake aliniambia mwenyewe, na niliona plagi nyeupe kwa macho yangu mawili mazima. Usiku huo nilikasirika: kwanza na Fundi, kisha na mwenye duka, na kufikia alfajiri nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa kukasirikia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada niliifunga pistoni kwenye gazeti nikaenda nyumbani kwake. Alikuwa ameketi mlangoni na suti yake ya kwaya, binti yake ndani anapika. Nilimwekea pistoni mapajani bila salamu ya maana. Hakuiinua machoni. Aliipapasa ukingoni, akaipapasa juu, na kidole chake cha shahada kikazama kwenye tundu, kikakaa humo.

"Hii ni joto," akasema.

"Ni joto."

"Plagi zilikuwa rangi gani?"

Nikasikia mwiko ndani umeacha kugonga sufuria.

"Nyeupe, Fundi."

"Uliziona?"

"Niliziona. Ulikuwa umechuchumaa pale kiwanjani na mimi nimechuchumaa kando yako."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Kidole chake bado kilikuwa kwenye tundu. Akauliza swali nililokuwa naliogopa njia nzima. "Na wale wengine? Magari yao mbona hayajafa?"

Ningeweza kumdanganya. Nimefanya kazi na waongo maisha yangu yote na ninajua kuwa uongo mzuri huwa mfupi. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na adabu.

"Wakitoka kwako wanaenda kwa mwingine, Makadara."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mwenye duka?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Jirani alipita akamsalimu, "Bwana asifiwe, Fundi," naye akajibu kwa upande usiokuwa na mtu. Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kulia naye. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, kicheko kibaya kisicho na sauti.

"Kwa hivyo miaka miwili nimekuwa na mteja mmoja," akasema, "na huyo nimemuulia injini."

Akavua miwani. Hakuifuta. Aliikunja akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza niliyatazama macho yake kwa makini, na mboni zake zilikuwa na utando wa rangi ya maji ya mchele. Akamwita binti yake.

"Ile barua ya hospitali unayo?"

"Ninayo, baba."

"Nisomee."

Akasoma. Tarehe ya miadi ilikuwa imepita zamani, na kulikuwa na nyingine nyuma yake ambayo nayo ilikuwa imepita. Fundi akasema tutakwenda kesho hivyohivyo, tukae kwenye benchi hadi watuchoke.

"Nitawapeleka mimi," nikasema, kwa ile haraka ya mtu mwenye hatia.

"Kwa gari gani?" akauliza Fundi.

Tulikwenda kwa miguu, yeye katikati, mkono mmoja kwa binti na mmoja begani kwangu, na kwenye kila barabara ya kuvuka aliniuliza kuna nini na mimi nilimwambia kilichokuwepo, mkokoteni ni mkokoteni, basi ni basi. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimmulika jicho la kulia kwa muda, akasema hili litapasuliwa na litaona. Alimmulika la kushoto kwa muda zaidi, akarudia, kisha akazima kurunzi. Shinikizo lilikuwa limekaa ndani ya jicho hilo muda mrefu mno, akasema, na hakuna kilichobaki cha kuokoa. Angeletwa mwaka uliopita, yangeokolewa yote mawili.

"Ninyi mnaoishi naye," akauliza, "hamkuona kwamba mzee haoni?"

Binti alinitazama. Fundi naye aligeuza uso, safari hii upande wangu hasa.

"Tulikuwa tunamheshimu, daktari," nikasema.

Daktari akaniomba nisubiri nje.